Maji Uliyoyalipia ni Mali ya Nani?

Yako maneno ambayo siku hizi husikika mara kwa mara, hasa mijini, na husikika katika vinywa vya watu wazima wenye akili zao, wenye kuswali na kufunga. Bomba limeachwa wazi uani, maji yanatiririka mpaka barazani kwa jirani, na mpita njia akimwambia mwenye nyumba, "Bwana, maji yako yanamwagika," hujibiwa: "Yaache. Ni maji yangu, na bili nalipa mimi." Mpita njia hunyamaza akaenda zake, maana jawabu hilo laonekana limefunga mlango. Mtu na mali yake, nani atamwingilia?

Ndugu msomaji, yafaa tulitazame jawabu hili kwa utulivu, kwa sababu si jawabu la kipumbavu. Uislamu unailinda mali ya mtu kama unavyoilinda damu yake na heshima yake, na aliyelipa hawi sawa na asiyelipa. Kumkemea bwana huyu kwa kumsomea tu kwamba israfu ni mbaya hakutoshi. Yeye mwenyewe anajua kuwa ni mbaya, ila anadhani kwamba hasara ni yake peke yake, na mtu akijitia hasara mwenyewe ni shauri lake. Basi yako maswali mawili. La kwanza, alichokilipia ni nini hasa? Na la pili, ambalo ni zito zaidi: tuseme maji hayo ni yake kwelikweli, na hapana mtu hata mmoja anayedhurika, je, hapo bado liko kosa?

Tuanze na lile la kwanza. Iko hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Daud ambayo maana yake ni kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanavyuoni hawakuifahamu hadithi hii kuwa hakuna awezaye kumiliki maji hata kidogo. Walisema kuwa maji yaliyoko mtoni au katika chemchemi ya porini ni ya watu wote, lakini mtu akiyachota akayatia katika mtungi wake, yamekuwa yake, na aweza kuyauza kama auzavyo kuni alizozikata msituni. Ndiyo maana mchukuzi wa maji mwenye mkokoteni wa madumu hali haramu. Anauza jasho lake.

Sasa itazame bili. Imeandikwa kiasi cha maji na kiasi cha fedha, lakini fedha hizo zalipia nini? Zalipia umeme wa pampu, mabomba yaliyofukiwa ardhini, dawa ya kusafishia, na mishahara ya mafundi. Yote hayo ni jasho la watu na yana haki ya kulipwa. Lakini hakuna hata senti moja katika bili hiyo iliyolipwa kwa ajili ya wingu. Katika Sura ya Al-Waqia, kuanzia aya ya 68, Mwenyezi Mungu anatuuliza kuhusu maji tunayoyanywa, kama ni sisi tuliyoyateremsha kutoka mawinguni au ni Yeye, kisha anatukumbusha kwamba angelitaka angeliyafanya ya chumvi yasiyonyweka. Mwenye bili aisome aya hiyo huku bili iko mkononi. Atakuta kwamba alicholipia ni njia ya kufikishiwa maji, na maji yenyewe yamekuja bure.

Na anayetaka kumwona mtu aliyenunua maji kwelikweli, amtazame Seyyidna Uthman bin Affan r.a. Waislamu walipohamia Madina kulikuwa na kisima kiitwacho Ruma, maji yake matamu, na watu hawakuyapata ila kwa thamani. Mtume s.a.w. akawahimiza masahaba, akataja malipo ya Peponi kwa yule atakayekinunua kisha ndoo yake ikawa sawa na ndoo za Waislamu wengine. Uthman akakinunua kwa mali yake mwenyewe, akakitoa wakfu kwa tajiri na maskini na msafiri. Hebu fikiri sharti lile la ndoo. Mwenye kisima, aliyetoa fedha zake, anasimama kisimani na ndoo moja kama mtu mwingine yeyote. Huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kusema "maji yangu, nimelipia mimi," wala hakulisema.

Sisi watu wa visiwani na wa mwambao tuna sababu ya ziada ya kulifahamu jambo hili, maana maji yetu yamekaa mahali pa ajabu. Chukua kisiwa cha Unguja. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye vitundu, na mvua ikinyesha hupenya ndani ikakaa chini. Pembeni na chini zaidi kuna maji ya bahari yaliyoingia mawe hayohayo. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hivyo huelea juu yake, mfano wa mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wamefanya hesabu wakaona kwamba kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kiasi cha futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wa pili wa kutisha. Maji yakivutwa kisimani mpaka uso wake ukashuka futi moja na ukadumu hivyo, chumvi nayo hupanda kutoka chini, si kwa futi moja, bali hata kwa futi 40. Mahali na mahali hutofautiana, kwani ardhi haikuumbwa kwa rula, lakini mwendo wenyewe ndio huo. Na chumvi ikishapanda kisimani haishuki kwa sababu mwenye kisima amejuta. Hungoja mvua za miaka.

Lamu nako kuna mfano wake. Kwa vizazi vingi mji wa Lamu umekunywa maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga huipokea mvua, ukaichuja, ukaiweka. Mgeni huviona vilima vile kuwa ni mchanga mtupu na akatamani kujenga nyumba juu yake apate upepo na kuitazama bahari. Mwenyeji anajua kuwa lile ni tangi la mji. Na karibu na Malindi yako magofu ya Gede, mji uliokuwa na msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, na visima vingi, na ambao ulihamwa kabisa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake, pamoja na vita, ni kushuka kwa maji visimani. Sitaji Gede ili kuwasengenya wafu. Nataja kwa sababu mtu akisimama pale, katika kuta zile za mawe zilizojengwa na watu waliojua kusoma na kufanya biashara na nchi za mbali, anaona kuwa mji haufi lazima kwa moto.

Hapa ndipo lile neno "maji yangu" linapovunjika. Mtu amechimba kisima kirefu uani kwake, ametia pampu ya umeme, anamwagilia majani ya mapambo mchana kutwa. Kisima ni chake, pampu ni yake, umeme analipa yeye. Lakini maji yanayotoka hayakuwa yamekaa chini ya kiwanja chake tu yakingoja hati. Yanatembea. Nyumba ya nne kutoka kwake kuna mama mwenye kisima kifupi cha kamba na ndoo alichoachiwa na baba yake, na mwaka mmoja anaanza kuonja chumvi katika chai. Hajui imetoka wapi. Anasema ni mipango ya Mungu. Na kweli kila jambo ni kwa kadari yake, lakini kadari haimwondolei mkosa kosa lake.

Ukimwibia mtu kuku, kuku ana mwenyewe, na mwenyewe atakuja kudai. Yumkini atakuja usiku na fimbo. Dhulma ya maji haina uso. Hakuna awezaye kusema ni ndoo ipi ya nani iliyoivuta chumvi juu, na hakuna kadhi atakayeisikiliza kesi hiyo. Wengi wetu, jambo lisilo na mdai tunaliona si deni. Lakini tumefunzwa kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba ya kweli, ama haki ya mwanadamu haifutiki mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe. Basi mtu huyu atamwomba radhi nani? Hamjui aliyemdhulumu, na aliyedhulumiwa hamjui aliyemdhulumu. Watakutana siku ambayo kila mtu atamjua mwenziwe. Mimi naona kuwa jambo hili peke yake latosha kumkosesha mtu usingizi, na ni ajabu kwamba katika hotuba zetu tunawaonya watu sana juu ya riba na ulevi, na haya ya kisima tunayaacha kwa mabwana maji.

Hata hivyo tusijidanganye kuwa tumelimaliza swali. Mjuzi wa kujadili atasema: "Sawa, hayo ni ya visiwani, mahali pa maji machache. Mimi nakaa kando ya mto mkubwa. Nikiyaacha yatakwenda baharini tu. Namdhulumu nani?" Na hili ndilo lile swali la pili.

Katika mlango huu hutajwa sana hadithi ya Saad bin Abi Waqqas r.a., kwamba Mtume s.a.w. alimpitia akitawadha, akamuuliza kuhusu israfu ile, na Saad alipostaajabu kuwa katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa iko, hata kama uko kwenye mto unaopita. Ameipokea Ibn Majah, na wanavyuoni wa hadithi wamesema kuwa isnadi yake ina udhaifu; afadhali msomaji alijue hilo kuliko kuambiwa nusu. Lakini maana yake haikusimama kwa isnadi hiyo peke yake. Imamu Nawawi, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa wanavyuoni wamekubaliana kukatazwa israfu ya maji hata kwa mtu aliye ufukoni mwa bahari. Kisha akasema kuwa lililo dhahiri zaidi ni kwamba ni makuruhu, na kwamba wako katika madhehebu waliosema ni haramu.

Ufukoni mwa bahari! Hapo hapana jirani mwenye kiu, hapana kisima cha kuingia chumvi, hapana bili. Yale maji mtu anayoyachota kwa wingi yanarudi palepale yalipotoka. Ikiwa sababu ya kukatazwa israfu ni kuogopa maji yasiishe, basi hapa sababu hiyo haipo. Ikiwa ni kumdhuru mtu, hayupo. Kwa nini basi wanavyuoni wasiseme kwamba hapa jambo ni huru?

Jawabu ninaloliona ni kuwa sheria hapo haikuipima bahari. Imempima mtu. Mkono uliozoea kuchota bila kipimo haukai baharini. Mwenyewe akihama anahama nao, akenda nao jangwani, akenda nao kwenye nyumba ya mwenyeji wake mwenye mtungi mmoja. Na liko jambo la ndani zaidi. Mtu anayeweka akiba ya maji kwa kuwa yamepungua, na mvua za masika zikija akayamwaga, huyo hana sifa ya kiasi. Ana hofu, na hofu imemwondoka. Anayekosa chakula kutwa nzima hatumwiti mfungaji. Tunasema ana njaa. Kufunga ni kujizuia na chakula kikiwa mezani, na kiasi katika maji ni hivyohivyo, hujulikana pale yanapokuwa mengi.

Kwa sababu hii sikubaliani sana na wale ambao kila wakizungumza habari ya maji hutegemea vitisho: maji yanakwisha, vita vitapiganwa, watoto wetu watakufa na kiu. Vitisho vingine ni vya kweli. Mji wa Cape Town, wenye Waislamu wengi na misikiti ya zamani, uliwahi mwaka 2018 kufikia hali ya kila mtu kupangiwa lita 50 kwa siku kwa mahitaji yake yote, kwa kuogopa mabwawa kukauka. Watu wakajibana, na mvua ikaja. Lakini elimu iliyojengwa juu ya kitisho huondoka kitisho kikiondoka. Wala sikubaliani na wale wa upande wa pili wanaosema kwamba kila tone ni sawa na kila tone. Fiqhi yenyewe haisemi hivyo. Vitabu vya Kishafi vinavyosomeshwa katika madarasa yetu, kama Fathul Muin, vinaeleza kuwa kuzidisha mara tatu katika kuosha viungo ni makuruhu, lakini maji yakiwa ni ya wakfu, yaliyowekwa kwa ajili ya watu kujitoharisha, kuzidisha huko ni haramu. Tazama ngazi zilivyopangwa: mtoni ni karaha, msikitini ni haramu. Na wengi wetu ndio kinyume. Nyumbani, ambako bili inaumiza, tunafunga bomba. Msikitini, kwa kuwa hapana bili ya mtu, tunaliacha likimwaga tangu kuvua viatu mpaka kusoma dua ya baada ya udhu.

Misikiti ya zamani ya mwambao haikumpa mtu nafasi hiyo. Palikuwa na birika la mawe lililojaa maji, zaidi ya kulateni mbili, yaani kiasi cha lita 200 hivi, ili yasinajisike kwa urahisi, na pembeni kata ya kifuu chenye mpini. Mtu anachota, anatia, anachota tena. Kila kata ni uamuzi. Katika nyumba za mawe za Lamu walitia hata samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu, ili maji yakae siku nyingi bila kumwagwa. Bomba ni neema, wala simwambii mtu alingʼoe. Lakini bomba limeondoa ule uamuzi. Kwa kata ilikuwa lazima unyanyue mkono ili maji yaje. Kwa bomba ni lazima unyanyue mkono ili maji yakome, na katikati ya mambo hayo mawili wamepotea watu wengi wema.

Mtume s.a.w., kama alivyosimulia Anas r.a. katika Bukhari na Muslim, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, nao ni kiasi cha theluthi mbili za lita. Swaa ni mudi nne, haifiki lita tatu. Anayeona kwamba kipimo hicho hakiwezekani hakuwa wa kwanza. Jabir bin Abdillah r.a. aliulizwa kuhusu kuoga janaba, akajibu kuwa swaa moja yatosha. Mtu mmoja akasema kwamba yeye haimtoshi. Jabir akamjibu kuwa ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye, na mbora kuliko yeye. Wala hapana haja ya kubishana kwa maneno. Weka ndoo chini ya bomba siku moja, utawadhe kama desturi yako, kisha uyapime maji kwa chupa ya lita moja. Na yule mwenye wasiwasi, anayeosha mguu mara saba kwa kudhani kuwa haujapata maji, ajue kwamba ametoka katika ibada akaingia katika kuvuka mpaka, na kwamba imepokewa kuwa watatokea watu watakaovuka mpaka katika tohara.

Nyumbani, adui mkubwa hapigi kelele. Ni lile bomba linalodondoka kwa kuwa mpira wake wa ndani umelika. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata tukihesabu kuwa matone 20 ndiyo mililita moja tu, ni zaidi ya lita nne kila siku, na kwa mwaka ni ndoo 78 za lita 20. Mpira wenyewe bei yake ni ndogo kuliko mkate. Lakini anayechelewa kuutengeneza ni nani? Ni baba, ambaye maji kwake hutoka ukutani. Bomba likikauka, kama linavyokauka katika mitaa mingi wiki nzima, baba anakwenda kazini kama kawaida, na anayekwenda kisimani ni mama na binti, kila mmoja na ndoo ya lita 20, nayo ni kilo 20 kichwani. Basi wanaomwaga na wanaobeba si watu wamoja. Lau kama kila mwanamume angebeba mwenyewe kutoka kisimani maji ya kuoshea gari lake, tungeyaona magari mengi yakifutwa kwa kitambaa. Mtume s.a.w. alikuwa akizihudumia kazi za nyumbani kwake. Ni sunna ambayo haina wagombaniaji wengi.

Tukija kwenye bustani, wako wanaodhani kuwa mchamungu hana haki ya kuwa na mawaridi wakati watu wana kiu. Sioni hivyo. Imesihi kwamba Mwislamu akipanda mti akala kwao ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Mrehani mlangoni na mwasumini dirishani si israfu. Swali ni la namna. Na namna hiyo tumefundishwa katika kesi ya Zubeir bin Awwam r.a. na mtu mmoja katika Ansari, waliogombania mtaro wa maji uliopita katika mashamba yao ya mitende huko Harra, Madina. Zubeir alikuwa upande wa juu. Mtume s.a.w. kwanza alimwambia anyweshe kisha amwachie jirani yake, kwa njia ya suluhu. Yule mtu alipokasirika na kusema maneno yasiyofaa, Mtume s.a.w. akampa Zubeir haki yake kamili: anywesheze mpaka maji yafike kwenye kuta za mashina, kisha ayaachie. Hukumu hii imetumika kwa karne nyingi, na watu huitaja kwa ajili ya zamu. Mimi hunisimamisha lile neno "kisha." Hata alipopewa haki yake yote, bila ya kupunguziwa kitu, haki hiyo ilikuwa na kikomo, na kikomo chenyewe ni haja ya mtende.

Waomani, ambao jamaa zao wengi wako mwambao huu, wameijenga nchi yao juu ya fikra hiyohiyo. Aflaji zao, mitaro inayoleta maji kutoka chini ya milima kwa mteremko tu bila pampu, hugawiwa kwa muda: hisa moja, athari, ni nusu saa ya mtaro mzima, na zamani waliipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Maji yanapotokeza kijijini, mwanzo wa mtaro ni wa watu wote kwa kunywa, halafu msikiti na pa kuogea, na mashamba yako mwisho. Mwaka 2006 aflaji tano zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tajiri mwenye mitende mia hakuweza kulitia shamba lake mbele ya mtungi wa mjane.

Kwetu sisi wenye viwanja vya hatua ishirini, mambo ni mepesi zaidi. Maji ya saa sita mchana hunywewa na jua kabla ya mche. Mwagilia alfajiri baada ya swala, au magharibi ikikaribia. Mwaga shinani kwa kopo, usirushe majanini kwa mpira. Funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyooza, na mchicha utangoja siku moja zaidi bila kunyauka. Na mvua usiiache ipite. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo bati la mita 50 za mraba likipata milimita 20 katika mvua moja ya masika huteremsha kiasi cha lita 1,000, zikipungua kidogo njiani. Mlizamu mmoja na pipa lenye kifuniko cha kuzuia mbu vyatosha kuanza.

Baki ni maji yaliyokwisha tumika. Ya kuoshea mchele na mboga, hapana shaka, ni chakula cha mlimau. Ama maji ya udhu, wako wanaoona haya kuyapeleka bustanini kama kwamba ni uchafu. Katika madhehebu yetu maji yaliyotumika katika faradhi ya udhu hayafai kutawadhia tena, lakini yenyewe ni tohara, si najisi. Kwa mgomba hayana kasoro yoyote. Msikiti wenye watu 100 katika kila swala, kila mmoja akitumia lita mbili tu, hutoa lita 1,000 kwa siku, nazo siku hizi huingia shimoni pamoja na ya chooni. Kuyatenganisha ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache, na mtaro wa saruji kutoka pa kutawadhia mpaka nyuma ya kibla, ambako katika misikiti mingi pana kiwanja kitupu chenye vumbi.